Filta ya kuosha au ya karatasi: nilivyoamua kwenye Fuso yangu

Nilifungua mpira mkubwa unaotoka kwenye ea klina, yaani nyumba ya filta ya hewa, kwenda kwenye injini, nikapitisha kidole ndani. Kikatoka kimevaa vumbi jekundu. Filta ilikuwa na wiki tatu tu, ile ya pamba ya kuosha, niliyoinunua kwa bei ya filta nne za karatasi.

Gari langu ni lori, Fuso ya zamani, injini ya dizeli 6D16 isiyo na tabo (turbo). Inabeba tumbaku na mahindi kutoka Lupa Tingatinga, wilayani Chunya, kuja Mbeya. Ukishaiacha lami, kuanzia Julai mpaka mvua zianze, barabara ni unga mtupu. Kila safari utingo alikuwa anachomoa filta ya karatasi, anaigonga kwenye tairi, kisha anaipuliza kwa upepo wote wa kompresa ya kujazia matairi. Filta haikumaliza mwezi. Niliposikia kuna ya kuosha na kurudishia, nikajua nimepona.

Wazo hilo si geni kwangu. Baba aliendesha lori la Bedford lenye ea klina ya bakuli la oili: vumbi linanasa kwenye oili, unamwaga tope, unaweka oili nyingine. Filta ya pamba nayo inategemea oili, ila yake ni maalumu, inanata kwenye nyuzi. Magari mapya yana sensa ya hewa inayoweza kuchafuka ukizidisha oili hiyo; injini kama yangu haina sensa hiyo, kwa hiyo upande huo sikuwa na hofu.

Kazi ilikuwa kwenye matunzo. Ukishaiosha lazima ikauke yenyewe, ukiipuliza kwa nguvu unatanua nyuzi. Siku moja tuko Makongolosi, njiani, niliianika asubuhi. Saa tisa alasiri mikunjo ya ndani bado ina unyevu na mzigo unasubiri. Oili yake nilizunguka maduka ya spea nikaikosa, tukapaka ya injini. Upande mmoja ukawa unachuruzika, upande mwingine pamba imebaki nyeupe, kavu, na penye ukavu ndipo vumbi linapopenya.

Fundi wangu hakuilaumu pamba peke yake. "Bosi, angalia mdomo wake," akaniambia. Mpira wa ukingoni haukuwa umekaa sawasawa kwenye nyumba ya ea klina, umeacha upenyo mwembamba kama ukucha. Hewa hufuata njia rahisi. Ikipata upenyo pembeni, ubora wa filta hauna kazi tena. Vumbi linalopita hapo linasaga ringi za pistoni na laina, yaani kuta za silinda, gari linaanza kula oili na kuchoka mlimani, na gharama ya kufungua injini kila mwenye lori anaijua.

Nikarudi kwenye karatasi, ila kwa utaratibu mwingine. Nilichojifunza, na natamani ningekijua mapema, ni kwamba filta ya karatasi ikishashika vumbi kidogo inachuja vizuri kuliko ikiwa mpya, kwa sababu lile tabaka la vumbi nalo linazuia chembe ndogo. Tulipokuwa tunaigonga kila siku tulikuwa tunaichana wenyewe! Sasa haichomolewi mpaka geji ya kuonyesha filta imeziba, niliyofunga kwenye bomba la hewa, ionyeshe nyekundu. Kile kipira cha chini ya ea klina cha kutemea vumbi kinaminywa kila asubuhi. Ikibidi kupuliza, upepo ni mdogo na unatoka ndani kwenda nje, halafu naingiza tochi katikati ya filta gizani. Nikiona hata nukta moja ya mwanga, hiyo inatupwa. Filta ndogo ya ndani, inayokaa katikati ya ile kubwa ya nje, haipulizwi kabisa, inabadilishwa. Na kidole kwenye mpira ule bado napitisha, kila nikimwaga oili ya injini.

Mwenye lori linalotembea kwenye lami, mwenye maji safi, oili yake halisi na nafasi ya kuanika, filta ya kuosha iliyokaa vizuri kwenye nyumba yake inaweza kumfaa. Kwa njia ya Lupa siirudii. Kiangazi chote kilichopita nilitumia filta mbili za nje, na boksi la tatu bado liko nyuma ya kiti cha dereva, halijafunguliwa.