Faida ya mkungu wa matoke

Jana jioni hapa Busia binti wa kaka yangu, wa darasa la sita, alinijia na daftari. "Shangazi, mwalimu kanikosesha, na sioni nilipokosea."

Mkungu wa matoke umenunuliwa shilingi 24,000 (za Uganda; hapa mpakani lazima useme), ukauzwa 30,000. Faida ni asilimia ngapi? Yeye alipata 20.

Kutoa alitoa sawasawa: 6,000. Kisha akagawa kwa 30,000. Hapo ndipo alipoteleza.

"Uliingia sokoni na shilingi ngapi?" Akanyamaza, halafu akacheka.

Basi 6,000 juu ya 24,000. Futa sufuri tatu huku, tatu kule: 6 juu ya 24, yaani robo. Robo ya 100 ni 25.

Akataka swali lingine, lakini uji wangu ulishaanza kufurika.