Jumamosi ya Majani ya Chai

Michoro ya wanafunzi ilikuwa mezani tangu saa mbili asubuhi, jalada kando ya jalada, na mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa shati jipya. Ilikuwa mwaka 2014, Dar es Salaam. Nilifundisha ubunifu wa mavazi, na darasa langu la watu 11 lilikuwa likiandaa igizo walilolitunga wenyewe kuhusu Vita vya Maji Maji: vilima vya Matumbi, Julai 1905, siku watu walipong'oa pamba ya Mjerumani. Tungelicheza jukwaani, kisha turudie lote mbele ya kamera, ili kila mmoja awe na kitu cha kuonyesha akienda kuomba kazi. Nikamwomba mama mmoja, aliyevisha waigizaji wa jukwaani na wa filamu kwa miaka mingi, aje awatazame.

Akaja na mkoba wa ukili. Majalada hakuyafungua.

"Mazuri, mwalimu," alisema, macho yakiwa kwenye kamba ya nguo. "Huyu askari nani anamvisha?"

Kijana mmoja alikuwa mkulima katika onyesho la pili na askari wa Mjerumani katika la tatu. Katikati ngoma inapigwa kama dakika moja hivi. Tukatazamana. Kwenye michoro yetu kila mtu alikuwa amekwisha kuvaa.

Mama akazima taa, akampa binti mmoja tochi ndogo aibane kwa meno, akatoa simu kuhesabu muda. "Haya mwanangu, mvishe." Koti la kaki lilikuwa na vifungo 7 na matundu tuliyoyadarizi kwa mkono usiku mbili mfululizo. Tena kulikuwa na vile vitambaa vya kuzungushia miguu. Ngoma ilipokoma kijana akatoka mbele, juu askari, chini mkulima. Wenzake walikufa kwa kicheko. Binti mwenye tochi alikuwa karibu kulia. Baadaye simu ilionyesha angehitaji dakika nne na nusu.

Mama akaingiza mkono mkobani akatoa wembe. Matundu yetu ya usiku mbili yakazibwa, vifungo vikashonwa juu yake kama pambo, chini ikapita velkro, ule utepe wa kunatana unaobanduliwa kwa kuvuta. Vitambaa vya miguu vikashonewa mahali pamoja vikawa kama soksi ndefu yenye zipu nyuma. Jaribio la tano: sekunde 50. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele, nami nikadhani tumemaliza.

"Sasa leteni maiki."

Wakambandika kijana ile maiki ndogo ya kifuani, naye akafungua koti. Kraaa! Mwanafunzi aliyeshika sauti akavivua visikilizio kama vimemuunguza.

"Jukwaani ngoma itaifunika," mama akasema. "Kwenye kamera nani anawakimbiza? Rudisheni vifungo vya kweli. Ila yule anayepigwa risasi mshonee nguo tatu za namna moja, maana mwongozaji atasema rudia, na ya kwanza itakuwa imeshalowa damu. Na mpigeni picha kila mara, mjue kola ilikaaje."

Walikuwa wakiandika mbio mbio. Mimi pia niliandika, kwa siri, nyuma ya ratiba.

Halafu akafika kwenye kanga. Hapa nasimulia kwa haya, kwa sababu niliinunua mwenyewe, Mtaa wa Uhuru, kwa kupenda wekundu wake tu. Akaikunjua, akalitafuta jina, akalisoma kwa sauti: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Akaniangalia. "Mwaka 1905, mwalimu?"

Majina ya kanga yalianza kwa herufi za Kiarabu. Hizi za Kirumi zilikuja baadaye. Nilikuwa nimelifundisha hilo muhula uliopita, kwa picha na kwa mtihani. Dukani nilisahau.

"Aliyekaa safu ya kumi ataona wekundu," alisema, na nadhani alikuwa ananihurumia. "Kamera ikisogea, kila bibi wa Tandale ataisoma."

Tukaitoa, tukaingiza kaniki na merikani, ile pamba isiyotiwa rangi ambayo jina lake limebaki la Wamarekani walioileta Unguja karne ya 19. Lakini merikani ya Kariakoo ilikuwa nyeupe mno, mbele ya kamera ikawaka kama balbu na uso wa mwigizaji ukapotea. Basi tukabandika sufuria, majani ya chai paketi tatu, nguo ndani. Zilipopoa zikapigwa msasa magotini na mabegani, zikapakwa udongo, zikakanyagwa. Jioni uani kulikuwa na nguo za watu waliolima miaka kumi bila kupumzika. Sijawahi kuona darasa likijivunia uchafu kiasi kile.

Jumatatu asubuhi, siku ya kurekodi, mwanafunzi wetu mwenye bidii kupita wote aliingia na kapu kichwani. Alikuwa amezichukua Jumapili bila kumwambia mtu, akazifua kwa sabuni ya kipande, akazipiga pasi. Alizipanga mezani moja moja, zimenyooka, zinanukia.

"Nimeona zimechafuka, mwalimu," alisema.

Nikamtuma mtu dukani akanunue majani ya chai.