Kifaru cha Sentimita 14

Mjomba wangu alikuwa fundi wa rangi za magari hapa Malindi. Kazi yake ya kutwa ilikuwa kung'oa kutu na kuifunika, na riziki haikumkauka, maana gari likikaa karibu na bahari yetu milango huanza kuoza kutokea chini. Ramadhani ya 2001 nilimwendea na ombi ambalo hakuna mteja aliyewahi kumletea. Nilitaka anifundishe kuiweka kutu mahali isipokuwapo.

Kitu chenyewe kilikuwa kifaru cha vita, cha plastiki, cha kuunga mwenyewe. Baba alikuwa mpishi kwa mzee mmoja Mtaliani, upande wa Casuarina. Mzee huyo alipokuwa akifunga mizigo ya kurudi kwao mwezi wa Agosti, boksi moja la Italeri, kampuni ya kwao ya vifaa vya kuunga, lilikataa kuingia sandukuni, akamwambia baba ampelekee mwanawe. Nilikuwa kidato cha pili. Nililifungua juu ya mkeka, nikakuta vipande vimening'inia kwenye vijiti vyake kama ukwaju tawini, karatasi ya michoro na mishale, na nembo ndogo za kubandika kwa maji. Gundi haikuwamo, wala rangi.

Jina la kifaru lilikuwa M13/40. M ni neno la Kitaliani lenye maana ya wastani, 13 ni tani, 40 ni mwaka 1940. Kifaru halisi kilikuwa na urefu wa karibu mita 5, mzinga wa milimita 47 na watu 4 ndani. Changu, kwa kipimo cha 1:35, kilikuwa sentimita 14 tangu mbele hadi nyuma, na kilikaa juu ya daftari la shule kikabakisha nafasi.

Kilichoniteka hasa ni ribiti. Mabamba ya kifaru kile yalishikanishwa kwa ribiti na bolti, safu kwa safu, kama mbao za jahazi zilivyopigwa misumari. Kombora likigonga bamba, kichwa cha ribiti kiliweza kukatika na kuruka ndani walimokaa watu. Mimi nilikuwa nikizipapasa kwa kidole gumba, nimefumba macho, nikihisi vipele vidogo vilivyopangwa sawasawa. Mpaka leo nikishika kifaru kipya hilo ndilo jambo la kwanza ninalofanya.

Kukiunga sikukawia. Nilitumia supaglu ya duka la jirani, ikaacha ukungu mweupe kwenye maungio, lakini kwa wiki mbili kilisimama na minyororo yake. Kisha nikakipeleka gereji kupakwa rangi, usiku, baada ya futari. Mjomba alichanganya rangi ya mchanga kama ya kwenye picha ya boksi, akaizimua kwa thina, akakipulizia kwa karibu, rangi nzito na mbichi, kama anavyopulizia boneti ya pikapu. Kwa muda wa dakika moja hivi kilipendeza kuliko chochote nilichowahi kukimiliki. Halafu bamba la mbele likaanza kukunjamana kama utando wa maziwa yanayopoa. Ribiti zikazama moja baada ya nyingine, tukiziangalia.

Mjomba alizima kompresa. "Lahaula," akasema. "Mjomba, nimekuharibia." Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, na usiku ule sikuweza kumjibu. Thina ya rangi za magari huila plastiki ya aina ile. Yeye alikuwa amepulizia chuma miaka yote na hakuwa na sababu ya kulijua hilo, nami sikujua la kumwambia. Nilikibeba nyumbani juu ya gazeti, nikakificha chini ya kitanda, na daku siku hiyo sikula.

Jioni iliyofuata alinitumia mtoto aje aniite. Nilimkuta ameviweka vijiti viwili vya plastiki, vile vya kutupa, kichwa kwa kichwa juu ya kigae. Akachovya sindano kwenye kifuniko cha thina, akagusa pale vilipokutana, akasubiri kidogo. "Vuta." Nilivuta, havikuachana. Plastiki ilikuwa imeyeyuka kidogo pande zote mbili ikawa kitu kimoja, na hapakuwa na ukungu wowote mweupe. Dawa iliyoniharibia bamba ndiyo gundi niliyokuwa nikiitafuta tangu Agosti, ili mradi iwe tone la ncha ya sindano.

Nililisugua bamba kwa msasa mpaka likawa laini kama kaure. Kisha nikatengeneza ribiti zangu mwenyewe. Unachukua kijiti cha plastiki, unakizungusha juu ya mwali wa mshumaa, juu tu, usikiguse moto. Kikianza kulegea na kumeta katikati, unakitoa na kuvuta ncha zake taratibu bila kusita, nacho kinarefuka kuwa uzi. Ukivuta haraka unapata unywele, ukichelewa unapata tumbo la mjusi. Uzi ukipoa unakuwa mgumu na umenyooka. Unaulaza juu ya kisahani kilichofudikizwa, unaukata vipande kwa wembe, kila kipande chembamba kuliko punje ya ufuta. Feni lazima izimwe, la sivyo vyote vinaruka. Nilikaa usiku tatu baina ya tarawehe na daku, jasho likinitiririka mpaka kwenye nyusi, nikiokota kipande kwa ncha ya sindano iliyolowa mate, nikikituliza kwenye mstari niliouchora kwa penseli, nikikigusa kwa thina, nikisubiri. Zilikuwa 38. Mbili ziko upande hadi leo na ninazijua zilipo.

Rangi ya pili nilipaka kwa brashi, rangi ya mafuta ya milango aliyoizimua Mjomba kwa tapentaini, ambayo plastiki inaivumilia. Nilikiacha siku sita kikauke kwa upepo wa kaskazi uliokuwa umeanza kuingia.

Ndipo ikaja kazi ya kukizeesha, na hapo nilikosea kwa bidii. Nilichovya sifongo kwenye rangi ya kahawia nikadonoa kila mahali, juu, chini, ubavuni, hata kwenye mtutu wa mzinga. Nikakwangua masizi ya sufuria, nikayakoroga katika mafuta ya taa, nikayapitisha kwenye ribiti. Hayo ya masizi yalikuwa mazuri kweli, kila ribiti ilipata duara jembamba jeusi ikasimama kutoka kwenye bamba. Lakini kutu ilikuwa upele mtupu.

Mjomba alikitazama kwa heshima, kama anavyotazama gari la mteja. "Maji yanalala wapi hapa?" akauliza. Sikuelewa. Akanipeleka kwenye pikapu iliyokuwa ikingoja zamu, akanionyesha kwa tochi. Kutu ilianzia chini ya mpira wa kioo, ndani ya mkunjo wa mlango, nyuma ya taa, pale ambapo maji ya mvua na chumvi ya bahari huingia na kukosa pa kutokea. Palipo wazi, pa kukauka upesi, palikuwa pazima. Na kutoka kwenye kila bolti iliyooza ulishuka mchirizi, mwekundu juu, ukififia kuwa wa manjano kadiri unavyoshuka, wala haukuwa umenyooka, ulikuwa ukikwepa vipele vya rangi. Nililala chini ya pikapu ile nikichora kwenye daftari hadi betri za tochi zikafifia.

Nilirudia yote. Safari hii kutu ilikaa maungioni na chini ya bolti, na Mjomba akaridhika. Mimi nikaona nimemaliza.

Bibi alikuwa amekaa barazani akisuka ukili nilipompitishia. Alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akakisogeza mbali na macho yake. "Wenyewe wako wapi?"

"Wenyewe nani, bibi?"

"Wenye gari hili. Limekufa siku nyingi."

Nikamwambia halijakufa, linakwenda vitani. Akatikisa kichwa. Bibi alikuwa msichana wa miaka minane ndege za Wataliani zilipoangusha mabomu Malindi, 24 Oktoba 1940, na watu wakakimbilia mashambani. Hakuwa akisimulia sana. Jioni ile alisimulia malori ya Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, yaliyopita kwenda kaskazini baada ya hapo. "Hayakuwa na kutu, mwanangu. Yalikuwa na vumbi. Vumbi mpaka kwenye kope za askari. Na pale wanapopandia, pale mguu unapokanyaga kila siku, pang'aa." Akanirudishia kifaru, akaendelea na ukili wake.

Nilibaki nimesimama. Kifaru kilichoundwa 1940 na kupelekwa Libya, nchi ya mvua haba, kingepata wapi kutu ya miaka kumi mwanzoni mwa 1941? Nilikuwa nimeunda kifaru kilichotupwa, chenye milango imefungwa, na kila niliyemwonyesha nikimwambia kinakwenda vitani. Swali la bibi lilikuwa na majibu mengine pia, niliyoyapata nikiwa mtu mzima. Februari 1941, mwezi ambao majeshi yaliyotoka Kenya yaliingia Kismayu, Wataliani walipoteza M13 kwa makumi huko Beda Fomm, Libya. Na vingine vilivyotekwa mwezi uliotangulia viliendeshwa na Waaustralia mbele ya Tobruk, vimechorwa kangaruu mweupe ili wenzao wasiwapige. Wenyewe walikuwa wamebadilika.

Nilipaka rangi ya mchanga juu ya karibu kutu yote. Kwa vumbi nilianza na matope ya mto Sabaki, yale yanayoigeuza bahari ya Malindi kuwa ya kahawia wakati wa mvua. Niliyakausha, nikayatwanga, nikayachekecha kwa kipande cha leso. Yalikuwa mekundu mno. Kifaru kikafanana na lori linalotoka bara. Baba ndiye aliyesema nijaribu unga wa mawe ya kuchonga. Machimboni, misumeno inapokata mawe ya matumbawe ya kujengea, unga wake hutanda kila mahali, mweupe wenye umanjano kidogo, laini kama poda ya mtoto. Matumbawe ni chokaa, na ukanda wa pwani ya Libya waliopigania nao una mawe ya chokaa, ingawa wakati ule sikulijua hilo. Niliona tu kwamba rangi imekubali.

Niliukoroga unga katika mafuta ya taa, nikaupaka mwepesi, mzito zaidi chini karibu na minyororo. Ukiwa umelowa hauonekani kabisa. Unakaa, unatazama, unadhani umepoteza muda, na kaskazi ikivuta mafuta yale vumbi linajitokeza lenyewe taratibu, kwanza kwenye pembe, kisha kwenye mashimo ya magurudumu, mwisho juu kote. Nimeshaona jambo hilo mara nyingi tangu wakati huo na bado huacha kila kitu nikalitazama.

Kisha nikalifuta pale bibi aliposema. M13 ina kilango ubavuni, upande wa kushoto, ambacho wanajeshi walipitia. Watu wanne wakiingia na kutoka kutwa, lazima pawe na njia yao. Nilichukua pamba kavu nikafuta madigadi chini ya kilango, ukingo wake wa chini, na sehemu moja juu yake ambapo mtu angeshika kwa mkono akijivuta. Nikasaga risasi ya penseli, nikapasugua kwa ncha ya kidole mpaka pakatoa mng'ao wa chuma kilichozoeleka. Na kilango chenyewe, nilichokuwa nimekifunga kwa gundi, nilikibandua kwa wembe nikakiacha wazi.

Nilimpelekea bibi siku mbili kabla ya Idd. Alitafuta kilango kwanza. "Haya," akasema, "wametoka kuswali," akakirudisha mkononi mwangu kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kikombe kilichojaa.

Mzee Mtaliani alikuja Januari, baba akamwonyesha. Aliuliza vumbi nimelinunua wapi.

Nyuma ya kifaru nilikuwa nimefunga kamba ya kuvutia, niliyoisokota kwa nyuzi tatu za waya wa breki ya baiskeli. Ndiyo chuma pekee kilichomo. Vingine vyote ni plastiki na rangi. Nilikiweka kabatini, nikaenda kusoma, nikapata kazi, nikarudi. Mwaka 2009 nilipofungua kabati nilikuta waya umeoza. Upande wa kulia, waya ulipogusa bamba, ulishuka mchirizi wa urefu wa milimita nne, mwekundu juu, wa manjano chini, umekwepa ribiti moja ukaendelea.

Nilimpelekea Mjomba. Alivaa miwani, akakigeuza kuelekea dirishani, akaufuata mchirizi kwa ncha ya kucha bila kuugusa, kutoka chini kwenda juu, akasimama pale waya ulipojipinda.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo maji yalipolala."