Lakiri Katika Kadi za Harusi

Kaskazi iliyopita nilikaa ukumbini na binti wa shangazi yangu, hapa Mji Mkongwe, tukipiga muhuri kadi za harusi yake kwa lakiri nyekundu, ile nta ngumu inayoyeyushwa kwa moto. Sita za mwanzo ziliharibika, kwa sababu muhuri wa shaba ulishika moto, ukagandana na lakiri, na kila nilipouvuta uling'oka na herufi zake. Dawa yake ilikuwa kuulaza juu ya barafu, kuufuta maji, kuukandamiza, kisha kuuacha hapo mpaka lakiri igande.

Lakiri tuliyoinunua ina plastiki ndani yake ili isivunjike njiani, jambo ambalo wakubwa wa zamani wangelistaajabia, kwani kuvunjika ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kabla ya bahasha za gundi kuenea katika karne ya 19, barua ilikunjwa yenyewe kwa yenyewe na kufungwa kwa tone moja, na aliyeipokea alitazama kama tone hilo ni zima kabla ya kusoma chochote. Ulaya walianza kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa miti. Kuanzia karne ya 16 wakatumia zaidi utomvu mgumu unaotolewa na wadudu wadogo wa miti ya Bara Hindi, na rangi nyekundu ikatokana na zebaki na salfa. Jina lenyewe tumelirithi kwa Wareno, wanaoiita lacre.

Muhuri, hata hivyo, ni mkongwe kuliko lakiri: watu wa Iraki ya kale waliuviringisha juu ya udongo mbichi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Nasi tuliosoma chuo cha Kurani tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.), aliyeambiwa kwamba Warumi hawasomi barua isiyo na muhuri, akatengenezesha pete ya fedha iliyochorwa «Muhammad Rasulullah», pete ambayo baadaye ilimponyoka Sayyidna Uthman, khalifa wa tatu, katika kisima cha Aris, Madina. Katika nchi za Kiislamu muhuri ulizoea zaidi wino, na jiwe lililopendwa lilikuwa akiki, likichongwa maandishi kinyumenyume.

Bibi alipoletewa kadi yake hakuivunja lakiri. Alipasha kisu moto, akaupitisha ubapa wake chini polepole, kama walivyofanya wapekuzi wa barua enzi hizo, ikatoka nzima. Akaisoma kadi, akaifunga tena.