Bei ya udugu, halafu dola 180 za kurekebisha kosa lake

Asubuhi nimefungua simu, kwenye grupu letu la Wabongo wa hapa Houston yule ndugu yetu anayeandalia watu kodi ya mapato ameshaanza kutangaza, eti msimu unakaribia, leteni makaratasi, bei ya udugu. Damu imenichemka mpaka chai nimeiacha. Mimi hiyo bei ya udugu nililipa dola 250 Februari, halafu Agosti akanidai 180 nyingine ili arekebishe kosa alilolifanya yeye mwenyewe. Jina lake silitaji, ila kisa nitakisema chote maana najua kuna watu watampelekea makaratasi yao Januari.

Nilipokuja nilianza na boksi kama wengi, ghala la usiku, miaka mitano. Kila mshahara walikuwa wanakata kidogo kinaenda kwenye 401(k), ndio akiba ya uzeeni ya hapa, na mwajiri naye anaongeza chake. Aliyezoea NSSF ataelewa haraka, tofauti ni kwamba akaunti ni yako na ukihama kazi unaweza kuhama nayo, hakuna mambo ya fao la kujitoa wala kikokotoo. Oktoba 2023 nikapata kazi hospitali, nikaamua ile hela ya ghalani, dola 11,400, niihamishie kwenye akaunti nyingine ya uzeeni inayoitwa IRA. Kuhamisha huko ndio wanaita rolova. Kwenye simu nikaulizwa cheki iandikwe jina la nani, nikasema langu, si hela yangu?

Cheki ikaja ya dola 9,120. Nikapiga simu nikijua wamekosea, kumbe ndio sheria, cheki ikiandikwa jina lako lazima washike asilimia 20 waipeleke serikalini. Na kuanzia siku uliyoipokea una siku 60 za kuiweka kwenye akaunti mpya, na hutakiwi kuweka 9,120, unatakiwa kuweka 11,400 yote, maana yake ile 2,280 waliyoishika uitafute kwingine. Usipoifidia inahesabika umeila, utalipa kodi yake, na kama hujafika miaka 59 na nusu wanakuongezea asilimia 10 juu. Mimi nina 41. Basi nikachukua 1,400 niliyokuwa nimetenga kwa ajili ya lenta ya nyumba Kibaha, nikamkopa dada yangu wa Dallas 880, nikaweka hela yote siku ya 44. Nilijua ile 2,280 itarudi kwenye kodi.

Kama unasoma hapa na uko njiani kuhama kazi, sikiliza hili kabla hujaendelea: sema cheki iandikwe jina la kampuni inayopokea kwa ajili yako, au hela iende moja kwa moja akaunti kwa akaunti. Hapo hawashiki kitu, hakuna siku 60 za kuhesabu, hakuna kukopa.

Januari ikaja fomu inaitwa 1099-R, ya kuonyesha hela iliyotoka kwenye ile 401(k). Kasanduku ka kwanza kameandikwa 11,400, kasanduku ka nne kameandikwa 2,280, kodi iliyoshikwa. Nikaipeleka pamoja na ile W-2 ya mshahara. Ndugu yetu akaitazama akaniuliza, hii hela si umeirudisha yote? Nikamwambia ndiyo kaka, karatasi ya benki hii hapa. Akasema basi haina kodi, haiendi popote, akanirudishia mkononi. Nami nikaamini, yeye ndiye mwenye kazi yake, mimi kwetu nimekua naona mwajiriwa anakatwa PAYE hukohuko kazini na mambo ya ritani, zile fomu za kodi za kila mwaka, ni ya wafanyabiashara.

Rifandi, ile hela ya kodi wanayokurudishia, ikaja ndogo. Nikasema labda mwaka mbaya. Dada naye mstaarabu, haniulizi, lakini mimi nikipigiwa simu na fundi najisikia vibaya kuliko ninavyoweza kueleza.

Mwisho wa Mei ikaja fomu nyingine, 5498, kutoka kule IRA, inaonyesha wamepokea rolova ya 11,400. Nikaanza kujiuliza, hawa wote wawili wamepeleka taarifa serikalini, mimi peke yangu ndiye sijasema kitu? Nikampigia ndugu yetu wiki tatu hapokei. Agosti akapokea, akasema aa hiyo inabidi tufanye amendimenti, dola 180. Nikamwambia lakini nilikupa ile fomu mkononi. Akajibu kila kazi na malipo yake. Hata pole hakusema.

Kazini kuna mama mmoja wa Mexico tunafanya naye zamu, akaniambia kuna vituo vya bure vinaitwa VITA, watu wa kujitolea wanafanyia kodi wenye kipato cha kawaida. Vingi vinafungwa Aprili lakini kimoja kilikuwa bado wazi siku moja kwa wiki. Nikakuta mama wa Kiamerika wa makamo, amestaafu, nywele nyeupe zote. Kitu cha kwanza akafungua ukurasa wa pili wa ritani yangu ya Februari akaniuliza, aliyekuandalia yuko wapi hapa? Pale chini pako wazi. Anayelipwa kuandaa kodi ya mtu lazima aweke sahihi na namba yake ya PTIN, ile anayopewa na serikali kwa kazi hiyo, huyu alituma kama vile nimejifanyia mwenyewe! Yaani ningekamatwa na kosa lolote, ni mimi na jina langu.

Akanieleza taratibu bila kunidharau. Hela isiyo na kodi bado inaandikwa. Kwenye ritani ya mwaka ule unaiandika 11,400 kwenye mstari wa 5a, kwenye 5b unaweka sifuri na neno Rollover pembeni, na ile 2,280 inaingia kwenye kodi iliyokwisha kulipwa. Usipoandika, kompyuta ya watu wa kodi inaona mtu katoa hela ya uzeeni kimya kimya, barua inakuja inadai kodi na ile asilimia 10, na ndani ya siku 30 unatakiwa ujibu. Fomu ya kurekebisha ni 1040-X, ina safu tatu, ulichosema mwanzo, kilichobadilika, na kilicho sahihi, halafu unaandika maelezo kwa nini. Yangu ilikuwa mistari minne. Mapato hayakubadilika hata senti, kilichobadilika ni ile 2,280 tu. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo kwa hiyo hakukuwa na fomu ya pili, wa majimbo mengine ulizeni.

Tukatuma kwa kompyuta siku hiyohiyo. Nikatoa pochi nimpe chochote, akakataa, akasema nikishajifunza nije nijitolee mimi. Nilifika kwenye gari nikakaa kidogo kabla sijaliwasha. Mtu hanijui, hatuna lugha moja wala kabila, amekaa na mimi saa mbili.

Mlioko hapa ambao mlifanya rolova miaka ya nyuma, nendeni mkatazame 5a na 5b zenu. Una miaka mitatu tangu ulipotuma ritani ya kwanza kudai hela yako, ikipita imepita. Na mnaokuja, kila bahasha ya Januari fungua, piga picha, tunza.

Wanasema marekebisho yanachukua wiki 8 mpaka 12, inaweza kufika 16. Leo nimemaliza wiki ya 11, nimeingia kucheki kabla sijaandika haya, bado imeandikwa wameipokea. Ile 2,280 ni karibu milioni sita za nyumbani. Ya kwanza ni 880 ya dada, nimeshamwambia. Fundi nimemwomba anivumilie, asihamishe mbao kwanza.