Besi iliyokuwa ikikwaruza freti za mwanzo imepona

Wenzangu tunaojifunza gitaa la besi hapa Kigoma, naandika hili lisimsumbue mwingine. Besi ya kwaya yetu, ya nyuzi nne, ilikuwa ikikwaruza kwenye waya wa E na wa A, zile nyuzi mbili nene, freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza hadi ya nne tu. Kuanzia hapo kwenda juu ilikuwa safi kabisa.

Nyuzi mpya hazikusaidia. Kuinua daraja, pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili wa gitaa, kuliumiza vidole, mkwaruzo ukabaki.

Dawa ilikuwa kupima kwanza. Tuni besi kikamilifu, bana waya wa E freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama nafasi kati ya waya na freti ya nane. Wetu ulikuwa umelala juu ya freti, karatasi haipiti: shingo imenyooka kupita kiasi. Nikalegeza nondo ya ndani ya shingo kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ili shingo ijipinde kidogo, robo mzunguko kwenda kushoto, basi. Alenki itoshe barabara, ikicheza itakula kichwa cha nondo. Nikatuni upya, nikaiacha hadi asubuhi, maana mbao hujongea polepole. Usiongeze mzunguko kabla hujasubiri. Asubuhi kadi nyembamba ilipita, nikarudisha daraja chini, na E ikavuma safi.