Začal, začala, alianza

Leo siku ya tano, na bado naisikia ile "a".

Mnajua Jumanne nilikuwa na wasilisho, lile nililoliandika upya mara tatu huku mkinivumilia hapa. Michoro ya Toyen, mchoraji wa Kicheki, ya mwaka 1939 na 1940, mfululizo wa Střelnice, yaani uwanja wa kulenga shabaha, ule wa kwenye viwanja vya michezo ya watoto. Midoli, ndege waliokufa, na nyuma yake ardhi tupu isiyo na mtu. Wajerumani wameingia Praha Machi 1939, na Toyen yumo ndani ya nyumba anachora vitu vya kuchezea vilivyopigwa risasi. Chumba kilikuwa kidogo, watu hawakufika ishirini. Nikasimama, nikaanza kwa Kicheki: "V roce 1939 začal Toyen kreslit..." Mwaka 1939 Toyen alianza kuchora.

Sikuifikisha sentensi mwisho. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, msomi ambaye vitabu vyake ndivyo vilivyonilea, akainua kidole chake kidogo tu, akasema kwa upole: "Začala."

Nikanyamaza.

Akatabasamu. "Kwa mwanamke ni začala."

Nami nikasema: "Děkuji." Asante. Nikaendelea kusoma, na dakika kumi na tano zote zilizobaki nilisema začala, malovala, žila, "a" juu ya "a", mpaka mwisho.

Kwa wageni wa shajara hii: Kicheki hakikuruhusu kusema mtu alifanya jambo jana bila kusema kama ni mwanamume au mwanamke. Kitenzi chenyewe kinadai. Toyen alizaliwa Praha mwaka 1902 akaitwa Marie Čermínová, na jina hilo akaliweka kando akiwa kijana bado. Akachukua Toyen, jina lisilo na ile -ová ya kike, ambalo wengi husema limetoka kwenye neno la Kifaransa la raia, citoyen. Na rafiki zake wameandika kwamba alipojisema mwenyewe, alijisema kwa umbo la kiume. Kwa hiyo "začal" yangu haikuniponyoka. Niliipima wiki mbili. Ukurasa wa kwanza wa wasilisho una aya nzima inayoeleza kwa nini naandika hivyo, ila mwenyekiti wa kikao alitupunguzia dakika tano na aya niliyoiruka ni hiyo.

Usiku wa Jumanne nilimjibu mzee yule kichwani mwangu, kwenye tramu. Jumatano nilimjibu nikipiga mswaki, kwa Kicheki safi kuliko nilichowahi kukisema maishani, na kila mtu chumbani akageuza shingo. Alhamisi mkataba wangu ukaongezwa miaka 2 (ndiyo, ule niliowalilia hapa mwezi wa saba), makala yangu juu ya mchoraji Kubišta ikakubaliwa baada ya mwaka na nusu, nami nikatoka ofisini mwa mkuu wa idara nikiwa bado natafuta namna ya kusema "kwa makusudi" bila sauti kutetemeka.

Nataka niwe mkweli hapa. Hakukosea kwa kusema Toyen ni "ona", yeye wa kike. Wacheki wengi wanaoandika juu yake huandika hivyo, na maonyesho makubwa ya michoro yake mwaka 2021 hapa Praha, pale Valdštejnská jízdárna, yaliitwa Snící rebelka, muasi anayeota, muasi wa kike. Mnakumbuka nilivyotoka mle. Nilikuwa nimempa Kubišta miaka yangu yote ya udaktari, kundi lake la wachoraji, Osma, maonyesho yao ya 1907 na 1908, Munch, mchoraji wa Norwei, aliyewachanganya wote kichwa alipoonyeshwa Praha mwaka 1905, mpaka kifo chake kwa ile homa ya 1918 akiwa na miaka 34. Nikaingia kuona Toyen kwa saa moja, nikatoka saa nne baadaye nikijua kazi yangu imebadilika. Neno la kike lilikuwa limeandikwa kubwa mlangoni na halikunizuia kulia.

Kinachoniuma ni kwamba mzee hakunipinga. Angenipinga ningefurahi, tungegombana mpaka chai ipoe. Yeye alinisahihisha sarufi. Aliona mgeni kakosea kitenzi, akamwekea sawa, kama unavyomkunjia mtoto kola ya shati anapokwenda shule. Mwenzangu Mcheki angesema "začal", chumba kizima kingejua papo hapo kwamba ni msimamo. Nikisema mimi, ni kosa.

Na nilisema asante kwa sababu mdomo wangu umezoea. Hili sijawahi kuliandika. Kicheki changu cha kwanza ni cha Baba, mnamjua, yule wa Poděbrady mwaka mmoja wa lugha kisha Brno uhandisi, miaka ya 70, akarudi Tanga na sanduku la spana na nyimbo tatu. Alikuwa akitusimulia Chekoslovakia huku anafungua pampu ya maji, na sentensi alizozisema kwa Kicheki zilimhusu yeye mwenyewe: byl jsem, viděl jsem, nilikuwa, niliona. Nilizimeza zilivyo. Kwa hiyo nilipofika Praha na miaka yangu 24, nilijisema kama Baba. Byl jsem hladový. Nilikuwa na njaa, kwa kiume. Dukani, benki, bwenini, kila mtu alinikata: byla, byla, byla. Nami: děkuji, děkuji. Mwaka mzima. Walikuwa sahihi wote. Sasa Jumanne sauti ikaja ileile, kidole kilekile, nami nikaitika kama yule binti wa miaka 24, wakati safari hii nilikuwa najua ninachosema.

Jana Jumamosi nilipiga nyumbani. Sikukusudia kusimulia, lakini Mama akasikia shikamoo yangu akasema, "Una nini?" Basi nikamweleza. Nilipofika kwenye "kwa mwanamke ni začala", Mama akanikatiza.

"Kwani Toyen ni mwanamke?"

Nikashindwa kujibu. Tangu 2021 nimemsimulia Mama habari za Toyen kila Jumamosi. Jinsi alivyokutana na mchoraji mwenzake Štyrský kwenye kisiwa cha Korčula mwaka 1922, jinsi walivyoishi Paris pamoja, jinsi wakati wa vita alivyomficha nyumbani kwake Heisler, mshairi mwenye asili ya Kiyahudi, na jinsi walivyohamia Paris wote wawili mwaka 1947 asirudi tena. Alikwenda, alificha, alichora, alifariki. Miaka yote hii sikuwahi kumwambia Mama, na Mama hakuwahi kuuliza, kwa kuwa hapakuwa na mahali katika sentensi zangu palipodai jibu.

Mdogo wangu akadakia kwa nyuma kwamba ni mwanaume, yeye siku zote anamwona mwanaume mrefu, mkimya, asiyependa kusemeshwa. Mama akasema hapana, sasa anaelewa, ni mwanamke. "Mwanaume angemlisha nini huyo mshairi miaka yote hiyo ya vita?" Wakabishana. Simu ikasahauliwa mezani, nami huku nimekaa chini jikoni na koti langu bado mwilini, nawasikiliza wakimgombania Toyen kama mtu wa ukoo, kila mmoja na wake, na wote wakitumia "a" ileile, alivyokuwa, alivyofanya, "a" isiyouliza kitu. Sikumbuki lini mara ya mwisho kazi hii ilinipa furaha ya namna ile. Nilitaka wasinyamaze.

Kisha Baba akaichukua simu. Alikuwa amesikia yote.

"Mwenyewe alijisemaje?"

"Kwa kiume, Baba."

"Kama mimi."

"Kama wewe."

"Basi ulisema sawa." Akanyamaza kidogo. "Na ukasema asante?"

"Nikasema."

"Ningesema pia," akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa kwenye meza moja na mimi, Brno, mbele ya sahani ya mtu mwingine.

Usiku nimemwandikia mzee barua fupi. Nimemshukuru kwa vitabu vyake, nikamwekea ile aya niliyoiruka, nikamwomba anipinge. Nimeitumia saa sita na dakika kumi. Kufika leo mchana sijaifungua barua pepe hata mara moja, na jambo hilo halinisumbui.

Linalonisumbua ni jingine. Mama kabla ya kukata simu alisema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba ule mnazi wa nyuma umelalia upande wa banda la jiko tangu mvua ya wiki iliyopita, na mkwezi wetu kahamia Muheza, na huyo mwingine anataka hela nyingi. Nikamwambia alipwe, nitatuma. Akasema tutaona. Mnajua "tutaona" ya Mama. Naye anaamka saa kumi na moja kuwasha moto mle bandani. Nimeangalia hali ya hewa ya Tanga mara tatu tangu asubuhi: mvua usiku huu, na upepo.